Kisanduku cha Tarehe

Simu ilimkuta Shamima Himid akianika nguo nyumbani kwao Wete. Mpigaji alikuwa Bi Mwanawema, mkunga wa kituo kimoja cha afya huko Makangale, mtu mpole asiyepandisha sauti. Siku ile alikuwa akipiga kelele.

"Shamima! Programu yako inasema Safaa bado miezi miwili. Kumbe uchungu ushamshika, na yule mara ya kwanza alipasuliwa! Tumemkimbiza hospitali na pikapu, damu zinamtoka!"

Kanga ilimponyoka Shamima ikaanguka mchangani.

Programu ile ya kuwafuatilia wajawazito aliiandika mwenyewe kwa miezi minane. Alitaka ikubali kwenye kompyuta yoyote, iwe ya Windows au ya Linux, ndiyo maana kurasa zake alizitengeneza kama za mtandaoni. Kurasa hizo huonyeshwa na injini ya kivinjari. Angeweza kuipachika injini ndani ya programu yenyewe, lakini ingekuwa nzito. Akaiacha itumie injini yoyote itakayoikuta kwenye kompyuta husika.

Alipofika Makangale alikaa mbele ya kompyuta kongwe ya kituo, akabonyeza kisanduku cha tarehe. Kwenye kompyuta yake hufunguka kalenda. Hapa hakikufunguka kitu.

"Bi Mwanawema, tarehe ulikuwa ukiziwekaje?"

"Naandika. Hii ya Safaa ya kujifungua: sifuri nane, sifuri sita. Tarehe nane, mwezi wa sita."

Hapo Shamima akaelewa. Injini ile ya zamani haikuwa na kalenda, na ilisoma mwezi kwanza: tarehe sita, mwezi wa nane. Bi Mwanawema alishamlalamikia kwamba tarehe nyengine, zile za kupita kumi na mbili, zinakataa kuingia. Naye alimjibu, "Andika vizuri tu, Bi."

Wakapekua kadi zote za kliniki za wajawazito. Wanawake kumi na mmoja walikuwa na tarehe za uongo. Mmoja alikuwa wa kujifungua wiki ile ile. Bi Mwanawema alijishika kichwa, kisha akachukua simu kumwita.

Safaa alinusurika, na binti yake pia, baada ya kuongezwa chupa tatu za damu. Shamima akaipachika injini ndani ya programu, uzito na uwe uzito, kisha akaenda kumtazama Safaa kwao Makangale.

"Ile programu niliiandika mimi," alimwambia.

Safaa alimkodolea macho. "Kadi yangu iliroa mvua, maandishi yakafutika, lakini siku zangu nilizijua. Nilimwambia mkunga zimekaribia. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome mwenyewe."

 Shamima alirudi Wete hajui hata njia ya msitu wa Ngezi aliipitaje.