Msalaba Mwekundu kwenye Ramani ya Baba

Mimi ni mwalimu wa jiografia, nafundisha Geita, na sioni aibu kusema kuna ramani moja imenishinda. Tena ilikuwa ukutani kwetu tangu natambaa.

Baba aliipata kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, alikokuwa akimpikia mhandisi mmoja Mzungu. Mzungu alipofungasha kurudi kwao alimwachia masufuria, blanketi na hiyo ramani ndani ya fremu. Ni ramani ya mji, wa karne ya kumi na tisa kwa mwaka ulioandikwa chini. Mtu aliipaka rangi kwa mkono: mto bluu, bustani kijani, nyumba pinki, viwanja vipya vya nje ya mji njano, na rangi imevuka mistari huku na huko, nadhani mpakaji alikuwa amechoka. Pembezoni kuna mitaa ya nukta nukta, ambayo walikuwa bado hawajaijenga. Mji gani? Jina lilikuwa kona ya juu, na kona ya juu mchwa waliila. Herufi zilizobaki si za Kiingereza.

Basi, mwaka jana, miezi miwili baada ya kumzika baba, mdogo wangu akanipigia simu nije nyumbani Maganzo haraka. Huyu amechimba almasi Maganzo, akaenda kuchimba dhahabu Geita, akarudi Maganzo mikono mitupu, na bado kichwa hakimtulii. Nilimkuta ameitoa ramani kwenye fremu, ameitandaza juu ya mkeka uani, sururu iko kando. Akaniambia hii ni ramani ya Mjerumani. Huku kwetu nani asiyejua kwamba Wajerumani walipokimbia vita walifukia mali, na kwamba kila karatasi yenye herufi zao ni njia ya kuifikia? Njano ni dhahabu, akasema. Mto ni huu wetu wa masika, tazama unavyopinda. Na huu msalaba mwekundu kwenye kona ya mto ni pale pale alipozikwa baba.

Nilicheka. Nikamweleza kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la tano kwamba msalaba kwenye ramani ni kanisa, na kwamba ramani hii ina misalaba tisa, je, tuna makaburi tisa?

"Dada, kusoma unajua, picha ndiyo huoni," akanijibu.

Kisha akauliza jambo jingine. Kwa nini baba, aliyekuwa na nafasi yake kando ya kaburi la babu, aliagiza azikwe peke yake kule mwisho wa uwanja, karibu na ua wa minyaa? Hasira zilinipanda, kwa sababu swali hilo nilikuwa nalo tangu siku ya mazishi na sikuthubutu kumuuliza mtu. Nikainama tena. Nikaigeuza ramani kaskazini, nikaigeuza kusini. Haki ya Mungu, mto ulipinda kama wetu. Mimi, na vyeti vyangu vyote, nikajikuta nahesabu hatua kutoka mtoni hadi kwa baba.

Mdogo wangu alitaka kufungua duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, ubavuni mwa kaburi. Alisema hatamgusa mzee, atapita pembeni. Nilimwambia labda anifukie mimi kwanza. Maneno yalikuwa makali, lakini ndani sikujua kama nazuia kufuru au nazuia riziki yetu sote. Nilichanganyikiwa kabisa.

Akapiga sururu ya kwanza. Mama akatoka jikoni, mikono ina unga. Mayu, tunavyomwita kwa Kisukuma, si mtu wa maneno mengi. Alikuja hadi pale, akakaa chini palepale sururu ilipoingia, akanyoosha miguu.

"Hapa pana mtoto," alisema.

Tulidhani ni uzee. Akatueleza taratibu, huku akijipangusa unga. Mtoto wake wa kwanza, wa kike, aliishi siku tatu. Kichanga wa hivyo hakuwekewa msiba. Wanawake walimzika asubuhi, na baba akaambiwa mwanaume halii kwa jambo kama hilo. Ndiyo maana aliomba alazwe karibu naye. Na ramani? Mama hakujua lolote la ramani. Alisema mumewe alipenda zile rangi tu.

Mdogo wangu aliweka sururu chini, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na nadhani alikuwa analia. Mimi nilibaki nimesimama. Kifungua mimba wa nyumba hii ni mimi, ndivyo nilivyoambiwa miaka yote, na mtaa mzima unamwita Mama na jina langu. Nikamuuliza, zile siku tatu za mtoto watu walikuwa wanamwita yeye mama nani.

"Hivyo hivyo," alisema. "Jina lake ndilo hilo ulilonalo."

Jirani alikuwa anapita nje ya ua. Akamwamkia mama shikamoo, akalitaja lile jina, na mama akaitikia marahaba. Sikujua ameitikia kwa ajili ya nani kati yetu binti zake wawili.