Fundo la Gunner

Gunner Thygesen alisema anaenda kwenye banda la bandarini kwa ajili ya mikate ya mdalasini tu. Mkewe, Ellinor, hakumbishia. Mume uliyeishi naye miaka arobaini na tisa unamjua; ukimbishia anarudi kulala.

Jumamosi za Juni watu wa Rosvig hujazana humo na kufunga miche ya nyasi bahari kwenye misumari. Mche mmoja, msumari mmoja, uzi. Kisha Tove, mpiga mbizi, anashuka nayo na kuidunga chini ya hori, ule mkono wa bahari mbele ya bandari. Msumari unaukalisha mche mpaka mizizi ishike mchanga. Nyasi zikistawi, tope linatulia, maji yanang'aa, na samaki wachanga wanapata pa kujificha. Zisipokuwepo, hori ni supu. Na ilikuwa supu hasa, jamani! Gunner alikuwa hajaonja chewa wa kwao miaka mingi.

Na nyasi alizing'oa nani? Yeye. Miaka thelathini alikokota kwa mashua yake chuma cha kukwangulia kome, na kila kilipopita, kome na nyasi vilikuja pamoja. Hakumwambia mtu. Sasa alitaka zirudi kabla hajafa, na alitaka kwelikweli.

Basi akafunga mia tatu, kwa fundo alilofundishwa na babake, lile lisiloteleza hata kwa dhoruba.

"Haya ndiyo mafundo," akajigamba. "Siyo hayo mapambo yenu."

Agosti, Tove akaibuka na ndoo. Misumari ilikuwamo, uzi umekaza vilevile, nyasi hakuna hata moja.

"Kaa wamezila?" Gunner akauliza.

"Masikini, kaa wa watu! Umezinyonga wewe, mzee. Fundo limezikata shingo zote."

Banda zima likaangua kicheko. Gunner akavaa kofia akaondoka bila kuaga. Aliona aibu ya kumchoma moyo: alikuwa ameziua mara ya pili.

Wiki nzima alinuna. Siku ya nane Ellinor akamtupia uzi wa sufu mapajani.

"Funga kama kiatu cha mtoto."

"Litafunguka."

"Si lifunguke! Mche ukishashika, kamba ya nini tena? Wewe kila kitu unakibana mpaka kife."

"Hata wewe?"

"Mimi nina shingo ngumu, bwana wee. Funga!"

Juni iliyofuata alifunga kwa kulegeza, jasho likimtoka, kila fundo likimuuma kama uongo.

Mwaka ulipozunguka, Tove akamchukua kwa mtumbwi wake, akampa sanduku lenye kioo chini. Gunner akalala kifudifudi, akachungulia. Lo! Nyasi zake zilikuwa zimesimama, kijani kibichi, na katikati yake chewa wadogo kama kidole wakiingia na kutoka. Akalia, machozi yakitiririka humo sandukuni.

"Tove," akasema bila kuinua uso. "Za zamani nilizing'oa mimi. Kwa chuma changu."

Tove akapangusa pua kwa mkono uliolowa.

"Najua. Baba yangu alikuwa na mashua ya pili, ukimaliza wewe anapita yeye na chuma chake. Amekufa hajasema."

Gunner akamtazama. Kisha akasogea kando, akampa nafasi kwenye kioo.