Benchi ya Mbele Kanisani Ruring'u

Hii nitawaambia nikiangalia chini, kwa sababu mpaka leo nikipita karibu na lile kanisa la Ruring'u masikio yanapata moto, ingawa hakuna hata mtu mmoja pale ambaye bado ananicheka.

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu Kagio, kijana wa suruali pana chini, na nilikuwa nimempenda Wangechi, binti wa mzee wa kanisa huko Ruring'u. Wangechi akaniambia kwamba kabla sijatuma wazee kwao kuposa, nifike kanisani Jumapili ya Meza ya Bwana baba yake anione tu. "Vaa tai," akasema, "na usiongee sana." Ambacho sikumwambia ni kwamba kanisa langu la Kagio lilikuwa limenitenga na Meza (nililewa muratina kwenye harusi nikamtukana mchungaji mbele ya bibi harusi, na badala ya kurudi kutubu nikaacha kanisa mwaka mzima, kwa aibu). Nilijua mzee akisikia hayo, Wangechi nimemkosa.

Basi siku hiyo nikachelewa, kanisa limejaa, nafasi iko benchi ya nyuma na benchi ya mbele tu. Kwetu Kagio waliotengwa hukaa nyuma, hata watoto wanajua, nikajiambia huko siendi ng'o. Nikapita katikati ya watu wote, kifua mbele, nikaketi mbele kabisa kando ya mama mmoja aliyekuwa akilia (nikadhani ni Roho amemshukia). Nikageuka kumtafuta Wangechi, nikamwona ameshika mdomo.

Mhubiri akasema, "Ndugu zetu wa benchi ya mbele wasimame, waseme kilichowaangusha, ndio tuwarudishe Mezani."

Kumbe Ruring'u waliotengwa huwaweka mbele.

Yule mama akasimama, akasema alivyomlaani dada yake kwa ajili ya shamba, kisha watu wakaniangalia mimi. Nikachanganyikiwa kabisa, kwa sababu nikisema nimekosea benchi ni kweli, lakini nilijua pia ni uongo. Babake Wangechi alikuwa amesimama hapo na sahani ya mkate.

"Na wewe, kijana? Ni nini?" mhubiri akaniuliza.

"Mimi nimekaa hapa kwa makosa," nikasema, na watu wakaanza kucheka, na ningeketi hapo mambo yangeisha. Lakini miguu ilikataa kukunjika, nikajisikia nikiendelea, "lakini hapa ndipo nafaa kukaa," halafu nikamwaga yote, muratina, matusi, na vile nilivyojificha, huku nikilia na kujipangusa makamasi na ile tai.

Hakuna aliyecheka tena. Wakaimba, wakanishika mikono, watu nisiowajua wananiita ndugu, nami sikuelewa ni kwa nini nasikia furaha na huku naona ndoa imeenda. Mzee alipofika na mkate nikatikisa kichwa.

"Mzee, mimi ndiye yule wa Wangechi."

"Najua. Unafikiri Kagio ni Ulaya? Hiyo maneno nilisikia kitambo, nilikuwa nangoja nisikie kwa mdomo yako. Kula." Nikala. Kisha akainama karibu na sikio langu. "Mungu amekusamehe yote. Lakini mbuzi za mahari hazitapungua hata moja."

Hazikupungua, na mzee akaongeza moja ya kumpelekea yule mchungaji wa Kagio niliyemtukana. Nikaikokota kwa kamba kupitia sokoni, wanafunzi wangu wakiniangalia, mpaka mlangoni kwake, na kabla sijamaliza kuomba msamaha alikuwa ameshaniingiza ndani kunywa chai. Sijui hata leo kama siku ile nilitubu ama nilibanwa tu. Lakini nimeapa, nikianguka tena sitakaa nje mwaka mzima nikiogopa mlango ambao haujafungwa.