Bonasi Niliyoipokea kwa Mikono Miwili

Ndugu zangu, kuna watu ambao aibu yao huijua mke na majirani wawili, ikaishia hapo. Yangu ilitangazwa kwa spika kubwa, Jumapili asubuhi, mbele ya kanisa zima, na aliyeitangaza ni binti yangu wa kumzaa, tena akiwa Uingereza. Kwa majuma kadhaa nilikuwa napita barabarani nimeinamisha kofia, lakini sasa nacheka, na kwa kuwa hapa mtaa wa Point kila mtu anausimulia mkasa huu kwa namna yake (kuna mama mmoja anayesema nilizimia, uongo mtupu, nilishika tu ukuta), ni afadhali niusimulie mwenyewe.

Mimi ni mzee wa kanisa. Kule Uvira, Kongo, nilifundisha somo la dini miaka mingi, na hapa Durban Mungu amenipa kazi ya kuongoza baraza la wazee. Tunasali katika ukumbi wa ghorofani, karibu sana na bandari, hata meli ikipiga honi pasta inambidi akae kimya mpaka imalize. Baraza letu ndilo linalowaonya wanaoteleza, na aliyeteleza safari hiyo alikuwa Déo.

Déo ni kinyozi kule South Beach, na ndiye mwenye sauti ya kuongoza chorale, kwaya yetu. Tatizo lake lilikuwa simu. Alikuwa anacheza kamari ya mpira kwenye simu huku mteja amekaa kitini amenyolewa upande mmoja, na siku moja mteja huyo akatoka akaja kanisani kushtaki na kichwa chake hivyo hivyo, nusu nywele nusu upara. Sisi desturi yetu ni kwamba anayeonywa anakaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, na haimbi mpaka baraza liridhike. Tukamweka huko. Nakumbuka siku ya kikao aliniuliza kwa upole, "Papa Furaha, lakini wewe unajua kamari ya simu inafanana namna gani?"

Nikamjibu kama mwalimu, "Mwanangu, kamari naijua vizuri. Iko kule ufukweni, ina taa nyingi na walinzi mlangoni, na mimi nikifika pale huwa navuka barabara."

Déo akaitia simu yake mfukoni, akaenda kukaa nyuma.

Sasa sikilizeni. Binti yetu Furaha anaishi Uingereza, mji wa Leeds, na mume wake Fidèle. Walikuja kututembelea, na walipoondoka Fidèle akaniachia simu yake, nzuri, ya kule kule, na laini ya kule ikiwa bado ndani. Kwa kuwa nasahau namba za siri, akakichukua kidole changu gumba akakibonyeza mara nyingi kwenye kioo, akasema, "Papa, kuanzia leo kidole chako ndicho ufunguo." Nikashukuru. Mimi nashukuru haraka, ndiyo tabia yangu, na ndiyo iliyoniponza.

Asubuhi moja nimekaa dirishani na chai yangu, simu ikalia, nikaona sanduku la dhahabu limefungwa utepe mwekundu. Kiingereza changu ni cha kusomea bei sokoni, lakini niliona neno bonasi, nikaona neno la kukaribisha, na chini kitufe cha kukubali. Bonasi naijua, kampuni za simu hapa hutupa kila tunaponunua dakika. Chini ya kitufe kulikuwa na maandishi mengi, madogo kama mayai ya chawa, yakiendelea na kuendelea. Na mimi, niliyewasomesha watoto sheria zote za Walawi bila kuruka mstari, siku hiyo niliruka zote.

Tatizo ni malezi. Mimi nimelelewa kwamba ukipewa kitu unakipokea kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unashika kiwiko, kwa heshima. Basi nikaegemeza simu kwenye buli la chai, nikashika kiwiko, nikabonyeza kukubali, nikasema, "Merci." Simu ikaomba kidole. Nikatoa kidole. Ikaomba tena. Nikatoa tena (nani anapewa zawadi halafu ananyima kidole?). Mara yakatokea matunda: malimau, zabibu, matikiti, yakizunguka kwa muziki wa furaha, nami nikafikiri, tazama, majira haya ya sadaka ya mavuno, hata Waingereza wanayakumbuka! Nikabonyeza, yakazunguka. Nikabonyeza, yakazunguka. Mwisho malimau yakajipanga mstari mmoja, nyota zikanyesha, na juu ikaandikwa pauni themanini.

Nikamwita mke wangu. Mama Furaha alitoka jikoni na unga wa mandazi hadi kwenye viwiko, akaangalia kioo.

"Nani amekutumia?"

"Kampuni."

"Kampuni gani?"

"Ya Uingereza."

"Na inakujua wapi?"

"Mama Furaha, baraka haiombwi pasipoti."

"Wee! Hapa tulipo," akasema akirudi jikoni, "hata baraka inaombwa karatasi. Mpigie mtoto simu umuulize."

Sikumpigia. Hapo ndipo nilipoweza kujiokoa, na sikujiokoa, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshaona kinanda. Kinanda cha kanisa letu kilikuwa kimekufa, na tangu kilipokufa tulikuwa tunaunganisha simu na spika, tunapiga muziki wa nyimbo kutoka humo. Na pauni themanini, nilihesabu, zinakaribia two thousand rand, kinanda cha mitumba kabisa!

Jumapili ikafika. Simu yangu ndiyo iliyounganishwa na spika, maana ilikuwa nzuri kuliko zote. Wakati wa ushuhuda ulipofika nikasimama. Kwetu mtu akitoa ushuhuda wa baraka, akina mama wanatoka na vitambaa, wanamzunguka wakipiga vigelegele, wanamsindikiza mpaka mbele wakicheza, nami nilisindikizwa hivyo, na mimi mwenyewe nilicheza (magoti haya yana umri wake, lakini siku hiyo yalikubali). Nikaichukua simu pale mezani, nikaiinua juu ili kila mtu aone.

"Wapendwa," nikasema, "Bwana amenitembelea ndani ya simu! Bila kuomba, bila kutoa jasho, amenipa bonasi. Na yote naitoa. Tutapata kinanda!"

Vigelegele vikapasua ukumbi. Pasta akaruka. Na mimi, mtu mzima, badala ya kuishia hapo na kukaa, nikaangalia benchi la nyuma, nikaongeza, "Wengine wanatafuta pesa kwenye kamari. Mtu akingoja kwa subira, hivi ndivyo Mungu anavyompa!"

Déo aliinamisha kichwa. Simu ikalia mkononi mwangu. Nikaona picha ya Furaha, nikafurahi kupita kiasi, nikasema, "Tazameni, mtoto naye anapiga, ngoja asalimie kanisa!" Nikashika kiwiko kwa mazoea, nikabonyeza kukubali.

Nilikuwa nimesahau spika.

"Papa!" Sauti ya binti yangu ikatoka pande zote za ukumbi. "Papa, ni wewe unacheza kasino na simu ya Fidèle?"

Kitambaa kimoja kikabaki hewani. Nikasema, "Kasino gani? Mimi sijatoka nyumbani!"

"Kasino iko ndani ya simu, Papa!"

"Ndani ya simu? Na taa zake?"

Kuna mtu alicheka, nadhani ni pasta. Alikuwa anaifuata waya ya spika chini ya meza, na waya ilikuwa ya kitu kingine. Furaha hakujua yuko mbele ya watu, akaendelea kwa sauti ile ile ya mtu anayeongea na mzee asiyesikia vizuri. Fidèle aliwahi kujiandikisha humo na wenzake wa kazini, wacheze siku moja tu, halafu akasahau, na kadi yake ya benki ikabaki humo humo. Kidole changu ndicho kilichokuwa kinalipa. Ile bonasi haitoki mpaka mtu aweke kwanza pesa yake mwenyewe, nami nikaweka ya mkwe wangu kwa adabu zote. Sasa kampuni imeona mchezaji yuko Durban, na sheria yao ni kwamba anayecheza awe Uingereza, awe yule yule mwenye jina, basi wameifunga akaunti.

"Na wanaomba pasipoti, Papa! Fidèle aonyeshe pasipoti!"

Kutoka upande wa akina mama ikasikika sauti moja ninayoifahamu kuliko zote duniani. "Nilisema! Nilisema ama sikusema?"

Ningekaa kimya hapo, lakini kinanda kilikuwa bado kichwani. "Furaha, mwanangu, na zile pauni themanini?"

"Eish, Papa! Hiyo si pesa, ni bonasi! Lazima uizungushe tena na tena na tena ndipo wakuruhusu kuitoa, na watu wengi inawaishia njiani. Imeandikwa pale chini."

"Kuzungusha nini?"

"Matunda!"

Kutoka benchi la nyuma, taratibu kabisa, Déo akauliza, "Malimau, Papa Furaha?"

Ndugu zangu, kanisa lilianguka. Akina mama walishikana mabega. Mzee mwenzangu wa baraza, mtu asiyecheka hata harusini, alikuwa anajipangusa macho kwa tai yake. Pasta alikata tamaa na waya, akaniondolea simu mkononi, akaizima. Na nje, kama vile ilikuwa inangoja zamu yake, meli ikapiga honi, ndefu, na sisi wote ikabidi tungoje mpaka imalize, mimi nikiwa nimesimama pale mbele na mkono wangu wa kushoto bado umeshika kiwiko.

Katika kungoja kule nilipata muda wa kuona nilichofanya. Fedha za mkwe zingerudi. Lakini nilikuwa nimemtolea Déo maneno yale mbele ya watu, na wote wakayasikia, na kama ningerudi kwenye kiti changu cha mbele baada ya hapo, nani angelisikiliza tena baraza letu, na yeye angekuwa na sababu gani ya kuendelea kuja kanisani? Honi ilipokwisha nikachukua fimbo yangu, nikapita katikati ya ukumbi, nikaelekea nyuma.

"Papa Furaha, unaenda wapi?" pasta akauliza. "Wewe hukujua!"

"Pasta, mcheza kamari anakaa benchi la nyuma. Sheria hiyo niliiandika mimi."

Hapo ndipo nilipoushika ukuta. Déo akasogea, akapangusa nafasi kwa kiganja chake. "Karibu, Papa. Huku iko upepo mzuri wa bahari."

Nikakaa. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kwa kitu ambacho hata sura yake nilikuwa siijui."

"Sharp, Papa, yamekwisha. Lakini mimi nilikuwa naijua sura yake," akasema, naye hakuwa anacheka tena. "Ile adhabu ilinistahili. Maneno ya leo tu ndiyo yaliuma."

"Najua."

Mbele, pasta akaomba wimbo ili mambo yatulie. Simu imezimwa, kinanda hakuna, chorale ikaanza juu sana, ikakwama, ikaanza chini, ikazama. Pembeni yangu nikamsikia Déo anaimba puani, sauti sahihi kabisa, amefunga macho. Nikampiga kiwiko cha mbavu (kiwiko kile kile).

"Imba."

"Niko kwenye benchi, Papa."

"Mwenyekiti wa baraza naye yuko kwenye benchi. Anakuruhusu. Imba!"

Akaimba. Alianza amekaa, akamalizia amesimama, na watu wakageuza viti vyao vya plastiki, mmoja mmoja, mpaka kanisa zima likawa linatazama mlangoni na pasta amebaki nyuma ya wote peke yake anapiga makofi. Nimesali miaka mingi, katika nchi kadhaa, na sijui kama nimewahi kusikia wimbo uliojaa ukumbi namna ile, bila kinanda, bila spika.

Fidèle alirudishiwa pesa iliyotoka kwenye kadi yake. Ile bonasi ikayeyuka kama ilivyokuja. Fidèle mwenyewe aliiomba kampuni imfungie mlango asiingie tena, na alinipigia kuomba radhi kabla mimi sijamwomba, tukabaki tunaombana radhi mpaka Furaha akatunyang'anya simu. Kinanda hatujapata, na wala hakuna aliyekiulizia tena. Déo yuko mbele anaongoza, na siku za mechi kubwa huja mwenyewe nyumbani kutuachia simu yake, Mama Furaha anaizika kwenye pipa la unga wa mandazi, na Jumatatu wateja wake wanashangaa kwa nini kinyozi wao anaongea na simu nyeupe.

Mimi nilikaa kwenye benchi la nyuma muda ule ule aliokaa yeye, sikupunguziwa wala sikuomba kupunguziwa, na upepo wake ni mzuri kweli. Bado namshukuru Mungu kwa kila kitu, na zawadi ya mtu aliyesimama mbele yangu naipokea kama nilivyolelewa. Lakini simu ikilia, ikanionyesha sanduku lenye utepe, namwita Mama Furaha kwa sauti kubwa, na mpaka atoke jikoni, naikalia mikono yangu yote miwili.