Shikamoo Kabla ya Filimbi

Kocha wa timu ya taifa alipokuja Manyoni kumuuguza mama yake, mimi nilikuwa golikipa wa akiba, kijana mzito wa kusema. Tulimjua kwa redio. Alikuwa wa kwanza kutoka kwetu kuchezea taifa, wa kwanza tena kwenda kucheza Ulaya, kisha akapewa timu ambayo miaka yote ilifundishwa na Wazungu. Jioni, mama yake akipata usingizi, alikuja na kandambili kwenye uwanja wetu karibu na reli, akatufundisha.

Golikipa wetu aliumia goti. Jumapili tulikuwa na mechi na Itigi, na kocha alisema nitadaka mimi, iwapo nitajifunza kuwapigia mabeki kelele. Hapo ndipo penye shida. Beki wa kati alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama. Ningemwambiaje atoke?

Mazoezini mpira ulikuja juu, naye amesimama mbele yangu.

"Mjomba, samahani, naomba nipite."

Sijamaliza, mpira uko wavuni. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Mwandikie barua!" mmoja akasema.

Kocha alitabasamu kidogo. "Mechi yangu ya kwanza ya taifa, nahodha aliniomba pasi. Nikamwitikia shikamoo. Wapinzani wakaninyang'anya mpira."

Akatupanga mstari. Wadogo tukawaamkia wakubwa, nao wakaitikia marahaba.

"Basi, heshima tumeshapeana. Mpaka filimbi ya mwisho, humu ndani hakuna mjomba."

Jumapili tulifanya vilevile mbele ya watu. Vijana wa Itigi wakatuzomea, "Mmekuja kuposa?" Nilikuwa nimevaa glovu za mtumba, kubwa, nikizivuta kila mara ili nisitazame watu.

Tulikuwa mbele kwa bao moja, mechi inakaribia kuisha, wakapata kona. Mpira ukaja juu, na mjomba yuleyule mbele yangu. Nikasikia sauti kubwa, kumbe ni yangu.

"Toka! Wangu!"

Akainama kama mtu aliyerushiwa jiwe. Nikaudaka, nikaulalia.

Filimbi ilipolia nilimfuata, macho chini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hilo koo ulikuwa umelificha wapi?"

Kocha, nyuma ya goli, alisema tu kwamba Jumapili ijayo nitaanza tena.

Usiku ule mjomba alikula kwetu. Mama alipopakua, akamwambia, "Dada, mwongezee nyama huyu aliyenifukuza."