Anayebana ghala la programu Gerezani, na sauti aliyoshindwa kuifagia

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, umeshachangamka. Chini ya jengo hili mafundi wanagonga vyuma, wauza vipuri wanatangaza bei, na kila basi la mwendokasi likipita vioo vya dirisha vinatetemeka. Ghorofa ya tatu, Evarista Nampoka anavua viatu, anawasha kompyuta, anaguna.

"Diski imejaa tena," anasema. "Hawa watu wanatupia kila kitu humu utadhani ghala la mama yao."

Hawa watu ni wenzake, vijana wanaoandika programu za mauzo kwa maduka ya Kariakoo. Ghala analolisema limo ndani ya kompyuta. Ndimo linamohifadhiwa kila toleo la kazi yao, la jana na la mwaka juzi, lililofaulu na lililowatia aibu. Mtu akibadilisha hata nukta moja, ghala linatunza ya zamani na mpya. Siku kazi ikiharibika, wanarudi nyuma kuchukua ile iliyokuwa nzima.

Raha hiyo ina karaha yake, maana ghala linavimba. Likijaa, hakuna anayeweza kuhifadhi kazi, na mwenye duka aliyepiga simu kwamba risiti hazitoki anaambiwa asubiri. Jaribu wewe kumwambia mfanyabiashara wa Kariakoo asubiri, uone atakachokujibu.

Kulibana ghala hilo ndiyo kazi ya Evarista, mwenye umri wa miaka 33. Ananieleza mara mbili. Mara ya pili anakwenda polepole, baada ya kugundua kwamba naitikia kwa adabu tu.

"Kwanza nakunja. Matoleo yanayofanana nayafunga pamoja, nabakiza moja kamili, mengine naweka tofauti zake tu. Hapo hakipotei kitu. Halafu nafagia. Kila kazi humu inatakiwa ishikwe na tawi, na kila tawi lina jina. Isiyoshikwa na jina lolote, mashine inaona haina mwenyewe. Inaitupa, na ikishatupwa ndiyo basi."

Kukunja hakumpi taabu. Kufagia ndiko kulikomshinda kwa zaidi ya mwaka, na sababu ni mtu mmoja anayeitwa Tarsis.

Tarsis alikuwa akikaa meza ya dirishani. Wote wawili ni watu wa Masasi, na posa yake ilishapelekwa kwa kina Evarista kabla kijana hajapata mkataba wa kazi Doha. Kazi yake ya mwisho hapa ilikuwa ya Bi Anifa, mama anayeuza vyombo kwa jumla Kariakoo. Macho ya Bi Anifa yamefifia, hasomi tena namba kwenye skrini. Tarsis akamwahidi kwamba mashine itamsomea bei kwa sauti. Akajirekodi yeye mwenyewe akitamka namba, akaziweka ghalani. Kisha akasafiri.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo hakuipa jina.

"Tarsis hataji jina la kazi ambayo haijaisha," anasema Evarista, na hapo anacheka kidogo. "Bibi yake alimlea hivyo. Mtoto haitwi jina mpaka kitovu kidondoke. Nikimwambia, wewe, weka tawi, ananijibu kitovu bado. Nimegombana naye mpaka nimechoka."

Basi sauti zikabaki zinaelea ghalani bila jina, yaani takataka mbele ya mashine. Evarista akauzima ufagio wa mashine. Toka siku hiyo anakunja tu, hafagii, na uchafu wa ofisi nzima unalundikana kwa ajili ya mtu mmoja.

Namuuliza swali ambalo hata wewe msomaji unalo. Kwa nini asiipe jina yeye mwenyewe?

"Jina anatoa mwenye mtoto," anasema. "Nikitoa mimi, ina maana nimekubali kwamba yeye hatoi."

Mlango unafunguliwa. Ni Bakili, bosi wa ofisi, shati limeshalowa jasho. "Dada Eva, leo ndiyo leo. Vijana wamekaa tu, hawawezi kuhifadhi hata mstari. Ikifika jioni hujafagia, nafagia mwenyewe, tusilaumiane."

"Sawa, bosi."

"Usiniambie sawa ile ya wiki iliyopita!"

Bosi akitoka, Evarista anapiga simu Doha. Ameiweka mezani, spika wazi, na kunikubalia nisikilize. Inaita sana kabla haijapokelewa.

"Tarsis, leo nafagia ghala. Ile kazi ya sauti bado haina jina. Niipe jina gani?"

"Kazi ipi?"

"Ya Bi Anifa."

"Aa, ile! Futa tu, Eva. Mambo ya zamani hayo. Nitakupigia baadaye, niko kikaoni."

Simu inakatika. Namwambia kwamba walau mwenyewe yupo hai, sauti yake anaweza kuisikia wakati wowote. Maneno ya kipuuzi, nayajutia hapo hapo.

"Aliyepokea simu si yule aliyerekodi," anasema. "Yule alirekodi mchana kutwa akanywa maji jagi zima, koo limekauka, kisa bibi wa watu asome bei. Huyu anauliza kazi ipi."

Anavaa viatu. Tunatembea hadi Kariakoo, tukipishana na mikokoteni na wabeba mizigo wanaopiga kelele tupishe njia. Bi Anifa yuko mlangoni kwake kati ya masufuria yaliyopangwa hadi juu.

"Shikamoo, Bi Anifa."

"Marahaba, mwanangu Eva. Mashine yangu imeshajua kusema?"

"Bado. Nilikuwa namsubiri mwenyewe."

"Uuu! Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu. Jana nimemuuzia mtu sufuria bei ya kijiko. Wewe kwani huna mdomo?"

Evarista anacheka mpaka anashika ukuta. Halafu machozi yanamtoka, naye Bi Anifa, ambaye haoni vizuri, anajua. Anamvuta, anamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, anamwagizia maji ya baridi.

Tukirudi ofisini, Evarista hakawii. Anaitafuta kazi ya Tarsis kati ya vitu visivyo na mwenyewe, anaishika, anaipa tawi. Jina analoandika ni la Bi Anifa. Kisha anaamuru ghala lifagiwe. Mashine inahesabu, inakunja, inatupa. Vijana waliokuwa wamekaa wanapiga makofi, mmoja anaimba. Bakili anachungulia mlangoni na kunyoosha dole gumba.

Lakini kazi yenyewe bado ina pengo. Tarsis alirekodi makumi na mamia tu. Maelfu, alisema, yatamaliziwa akirudi. Na hapa Kariakoo utanunua nini bila elfu?

Evarista anafunga dirisha kuzuia kelele za mafundi, anasogeza kipaza sauti, anatamka moja moja kuanzia elfu moja. Akikosea anarudia. Halafu anajaribu bei ya sufuria dogo la Bi Anifa.

"Elfu nane," inasema sauti yake.

"Na mia tano," inaitikia sauti ya mwanamume, changa, yenye haraka kidogo, kama ya mtu anayezuia kicheko.

Evarista anabonyeza tena. Elfu nane. Na mia tano. Hanitazami, wala mimi simtazami.

Mpango wake ni kuifikisha dukani kwa Bi Anifa mwezi huu, kisha kuwapelekea wauzaji wengine wenye macho mabovu, ambao anasema ni wengi kuliko wanavyokiri. Anataka pia kuwafundisha wenzake wawili kubana ghala, ili naye aweze kwenda Masasi kupumzika.

Nafunga kalamu na kumuuliza, kwa kuwa habari hii itasomwa na watu wengi, kama kuna jambo lolote angependa nisiliandike.

"Hakuna," anasema. "Ila kuna moja uliandike. Namtaka Tarsis arudi."