Tendegu la Kitanda cha Mama

Mume wangu alikuwa seremala pale Kariakoo, na mikono kama yake sijaiona tena. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu, mzee mmoja wa Kiarabu mwenye duka la vyombo Mchafukoge alimpa kazi ya kufufua bunduki ya kuwindia ya marehemu baba yake, bunduki ya enzi za Mjerumani. Mtutu ulikuwa mzima. Kitako, yaani ile mbao ya kuegemeza begani, kilikuwa cheusi kwa masizi ya stoo, na ubavu wake mmoja mchwa walikuwa wameufanya unga.

Mzee alitoa masharti mawili. Kwanza, kila kitakachotiwa kiwe rika moja na bunduki. Pili, kiraka asikione. Mume wangu alimpelekea skrubu mpya zinazong'aa, na mzee akazisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Hizi za juzi, fundi. Huwezi kumwoza ajuza kwa mvulana, watu watatucheka."

Ikawa kazi ya kuchokora vyuma chakavu sokoni. Skrubu alizipata kwenye cherehani kongwe iliyokwisha kufa. Ukabaki mti. Hapo nikaanza kumwona mume wangu akitazama upande wangu kwa mapenzi, nami nikafurahi, mpaka nilipogundua kuwa alikuwa akitazama kitanda.

Kitanda kile aliniachia mama. Baba yangu alikuwa mpishi wa Mjerumani mmoja, na bwana yule alipohama alimwachia kitanda cha mti wa Ulaya, matendegu yake manene kama paja la mtu mzima. Nilizaliwa juu yake. Wenzangu mtaani walilala vitanda vya kamba. Mimi nililala kama mke wa gavana, na nilihakikisha kila jirani anajua.

Siku moja nilimkuta mume wangu uvunguni, miguu tu iko nje.

"Nawinda mende," alisema.

"Mende gani anayewindwa kwa futi?"

Akakiri. Alitaka tendegu moja tu. Mti wa rika lile haukupatikana mjini kote. Nilimpa maneno yake, kisha siku tatu nikampa ugali na chumvi. Alikula, akasema alhamdulillahi, na hiyo alhamdulillahi ndiyo iliyoniudhi zaidi. Siku ya nne nilimwona barazani ameshika kipande cha mninga, anakigeuzageuza, hana raha. Nilimwonea huruma. Nikamwambia achukue, ila achukue la ukutani, upande wa kichwani, wageni wasije wakaliona pengo. Badala yake akaweka debe tupu la mafuta ya taa, na tangu hapo kila nikigeuka kitandani debe lilinijibu.

Leseni ilikuwa ya mzee, naye aliwaogopa askari, kwa hiyo mtutu haukutoka dukani. Mume wangu alichukua kitako peke yake, akachonga nyumbani akipimia mpini wa ufagio badala ya mtutu, akikimbia Mchafukoge kujaribu, akirudi kupunguza kidogo, akikimbia tena. Majirani walimuuliza kama anamchongea mkwewe gongo. Uso wa nje wa kiraka hakuupiga randa kabisa, maana uzee wa mti, alisema, ukishauondoa haurudi.

Kazi ilipokwisha nilidai nikakione, kwa kuwa tendegu ni langu. Tulikwenda baada ya alasiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Wageni wawili walikuwa wanakunywa kahawa. Mzee akaitoa bunduki. Kusema haki, ilipendeza. Kiungo sikukiona hata mimi niliyelalia ule mti. Mzee naye, macho yake mabovu, akapapasa ubavu wa zamani, ule ambao mchwa hawakuugusa, akacheka.

"Kiraka hiki hapa! Umejitahidi, fundi, lakini nimekiona."

Mzee akageuza upande wa pili.

"Na huu ndio ubavu aliouegemea baba yangu. Oneni, mikato saba! Miaka yote ilifichwa na masizi. Simba saba, kila simba na mkato wake, na hakuwahi kututambia hata siku moja. Mtu mpole vile!"

Machozi yakamtiririka ndevuni. Wageni wakasema mashallah.

Mikato ile niliijua. Mama aliikata kwa kisu cha jikoni, upande wa ukutani ambako baba haangalii, mmoja kila alipojifungua. Sita aliwazika. Wa saba ni mimi. Nilikuwa nimesahau, wallahi, na kwa kuogopa macho ya wageni nililitoa tendegu lile lile. Moyo uliniuma. Nikisema, namnyang'anya mzee simba wa baba yake mbele za watu. Nikinyamaza, watoto wa mama yangu wanageuka nyama ya porini. Mume wangu alinitazama, naye hajui lolote, anaogopa tu mdomo wangu.

"Wote saba aliwaua, baba?" niliuliza.

"Wote, mwanangu."

Nikanyoosha mkono, nikaugusa mkato wa mwisho, ule mdogo.

"Huyu alimkosa," nikasema.